Kila Kinachoingia Kinywani Mwake

Jumatano, 2 Aprili

Daftari hili ni la watoto wa shule, kurasa mia mbili, lina jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Nimelinunua kwa amri ya Bi Damaris, mtaalamu wa lishe wa hospitali ya Mombasa. "Dada Sahla," aliniambia, "andika kila kinachoingia kinywani mwake. Hata ikiwa ni punje ya wali." Hakujua anamwambia nani. Mimi vijiko vyangu huvipanga kwa urefu.

Basi, leo: asubuhi uji wa wimbi, nusu kikombe. Saa nne ndizi mbivu moja. Mchana wali na mchicha, vijiko sita. Jioni uji tena, akautapika. Maji ya kuchemsha, vikombe vitatu.

Nafasi imebaki, nami sina usingizi wa mchana, basi niandike na mengine. Mume wangu ni Abdulghani, umri wake miaka arobaini na tatu, muuza mishkaki hapa Malindi kwa miaka ishirini. Mwezi wa Februari alikatwa utumbo mpana, kipande cha shubiri moja, na ndani yake mlikuwa na saratani. Sasa anatiwa dawa ya mshipani kila baada ya wiki mbili, mara kumi na mbili. Ya kwanza ilimkuta mwishoni mwa Ramadhani. Siku hiyo alilia kwa kukosa saumu, yeye ambaye hakulia alipoambiwa ugonjwa.

Zimesalia kumi na moja. Nimeziandika nambari zake ukutani jikoni kwa mkaa, kila moja nitaifuta.

Jumanne, 8 Aprili

Dawa ya pili. Nimefuta. Vidole vinamchoma akigusa kitu cha baridi, hata kitasa cha mlango.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua ya kwanza ya masika. Uji, uji, supu ya kunde. Ameomba mshikaki mmoja. "N'taufyonza tu, Sahla, kisha niuteme. Mahakimu wa lishe hawatajua." Nimemwambia mimi ndiye hakimu. Akacheka mpaka mshono ukamuuma.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimwandike Abdulghani kama alivyo, kwa sababu anapungua na mimi nataka abaki mahali.

Alikuwa akitia nyama kwenye ukwaju na papai bichi tangu asubuhi, bizari nasaga mimi. Alasiri anatandika makaa. Kwa miaka ishirini chakula chake cha usiku kilikuwa hapo hapo kibandani: mishkaki iliyobaki, iliyoungua, na mkate wa mofa. Mboga aliziita majani ya mbuzi. Nami nilimwachia, nikaona ndiyo raha ya mwanamume anayefanya kazi.

Leo amemuuliza Bi Damaris kwa simu, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei: "Binti yangu, ni nyama ndiyo iliyoniletea?" Bi Damaris hakumdanganya. Akasema nyama nyekundu kila siku, na ile nyeusi iliyoungua, na tumbo lisilopata mboga wala nafaka nzima, huongeza hatari. Akasema tumboni mna vijidudu vingi vinavyotulinda, navyo vinataka kulishwa mboga na dengu na mtama. "Lakini mzee, kuongeza hatari si kusema ndiyo sababu. Wako waliokula kama wewe na hawana kitu, na wako wasiokula nyama kabisa nao wanaugua."

Alipokata simu akasema: "Ile nyeusi ndiyo wateja wanayoipenda. Watu wangapi nimewalisha, Sahla?"

Nilimpa uji.

Jumapili, 20 Aprili

Mvua. Mama mkwe amekuja kutoka Mambrui.

Jumanne, 22 Aprili

Dawa ya tatu. Nimefuta. Vidonda mdomoni. Uji wa baridi hauwezi kwa vidole, wa moto hauwezi kwa ulimi. Naupoza kwenye sahani, napima kwa kidole changu kilichooshwa.

Alhamisi, 24 Aprili

Leo nimefanya jambo na siombi radhi.

Mama mkwe wangu, Bi Mwanabibi, ana ng'ombe mmoja huko Mambrui, na maziwa yake ya mgando yanasifiwa mpaka Gongoni. Alikuja na kibuyu. Kwa siku nne tumekuwa tukizungushana jikoni. Mimi nachemsha, yeye anaguna. Mimi nakataa kachumbari, yeye anaguna. Nimeelezwa na Bi Damaris kwamba baada ya dawa ziko siku damu ya mgonjwa hushuka, askari wake wa mwilini hupungua, na ukuta wa utumbo huwa mwembamba. Siku hizo kitu kibichi chochote ni hatari: maziwa yasiyochemshwa, matunda yasiyomenywa, maji ya kisima. Mama nimemweleza mara mbili.

"Mgonjwa haulizwi uji, na mimi sikuulizi wewe," akasema. "Matumbo ya mwanangu yameuawa kwa madawa. Yataka kitu chenye uhai. Wewe wampa maji yaliyokufa na uji uliokufa. Maziwa haya ndiyo yaliyomkuza."

"Mama, na heshima zako, hayaingii."

"Nyumba ni ya nani?"

Nilichukua kibuyu, nikatoka nacho uani, nikayamwaga maziwa kwenye mfereji, jirani zetu wawili wakitazama kutoka madirishani. Yakatoka yote, mazito, meupe, mvua ikayapeleka. Mama alikiokota kibuyu kitupu, akakiosha kwa maji ya mvua, akakifuta kwa kanga yake. Alasiri akarudi Mambrui.

Abdulghani amegeukia ukutani. "Ulikuwa na haki," amesema, "lakini yule ni mamangu." Namshukuru Mungu nilikuwa na haki. Katika nyumba hii lazima awepo mmoja mwenye haki.

Jumamosi, 3 Mei

Mvua. Uji wa mtama, viazi vitamu vya kuchemsha, maji.

Jumanne, 6 Mei

Dawa ya nne. Kilo hamsini na mbili. Alikuwa na sabini na tisa. Bi Damaris amelifunua daftari, amesoma ukurasa baada ya ukurasa, akasema hajapata kuona mwuguzaji wa nyumbani kama mimi. Nilivimba kichwa mpaka nikaona haya.

Nje, akaniita kando. "Yule mama yake mumeo amenipigia simu. Ameuliza maziwa ya mgando yatengenezwe vipi yasimdhuru mtoto wake. Nimemwambia ayachemshe kwanza kabisa, agandishe kwenye chombo kilichochemshwa, na asubiri mpaka siku damu itakapopanda. Usimfukuze, dada. Matibabu yakiisha tumbo litahitaji vitu kama hivyo." Nikasema sawa. Nilikasirika njia nzima. Alipitia nyuma yangu!

Alhamisi, 15 Mei

Mvua siku ya tano mfululizo. Mashimo ya vyoo yamefurika kule nyuma. Gari la wizara limepita na kipaza sauti: chemsheni maji ya visima, kuna maradhi ya kuhara. Mimi nachemsha tangu Machi. Hata maji ya kusukutulia namchemshia.

Jumanne, 20 Mei

Dawa ya tano. Kuharisha mara nane. Haulizi tena kuhusu mishkaki. Wateja wake wawili walikuja kumjulia hali, wakakaa mlangoni, wakakataa chai. Wanaogopa chakula cha nyumba hii. Alipoona vile akafumba macho akajifanya amelala. Mimi nikachukia watu wote.

Jumatatu, 26 Mei

Amesema: "Sahla, nimechoka. Tuache."

Nikasema zimesalia saba. Akasema hajui kuhesabu tena. Nilitoka nikaenda kumwita Maalimu Muzammil aje amsomee, maana kwa maneno yangu nilikuwa nimefilisika. Mimi si mtu wa kulia mbele za watu lakini nililia mbele ya maalimu.

Jumanne, 27 Mei

Maalimu Muzammil amekuja alfajiri, amemsomea saa nzima. Abdulghani ametulia. Uji wa wimbi, kikombe kizima! Ndizi mbivu. Mbaazi zilizopondwa, vijiko vinne. Maji ya kuchemsha vikombe vitatu.

Jumatano, 28 Mei

Uji, kikombe kizima. Supu ya dengu. Viazi vitamu. Amekaa barazani nusu saa kutazama mvua. Nilikwenda sokoni na niliporudi alikuwa akitabasamu peke yake. Nimepata matumaini, na naandika hivi kwa wino ili yasiniponyoke.

Alhamisi, 29 Mei

Uji. Mchicha. Ndizi. Maji. Anasema anasikia baridi kidogo, lakini sote tunasikia baridi.

Jumamosi, 31 Mei

Homa. Thelathini na tisa na nusu. Anatetemeka mpaka kitanda kinalia. Tumeambiwa homa yoyote tusingoje, basi alfajiri tulikwenda hospitali ya hapa mjini. Hakuna kilichoingia kinywani.

Jumatatu, 2 Juni

Naandika kwenye benchi la ukumbi wa hospitali.

Daktari Mwambire, kijana mpole mwenye macho mekundu kwa kukesha, amesema askari wa damu wameshuka karibu na sufuri na vijidudu vimeingia kwenye damu. Vijidudu vya tumboni. Akaniuliza: "Amekula kitu kibichi? Maziwa? Maji yasiyochemshwa?"

Nilimpa daftari. Nilimpa kama mtu anayetoa cheti. Akasoma wiki nzima ya mwisho, akatikisa kichwa. "Hapa hapana kosa, mama. Basi huenda ni vyake mwenyewe. Dawa zikichubua utumbo, vile vinavyoishi ndani hupenya. Hutokea hata kwa anayetunzwa vizuri." Nilitaka maneno hayo yatundikwe ukutani.

Ndipo mama mkwe akainuka. Alikuwa amekuja tangu Jumamosi, ameketi sakafuni mwisho wa benchi, nami sijamsemesha zaidi ya shikamoo. Akasema, "Mimi."

"Wewe nini, mama?"

"Jumatano alinipigia simu. Akasema, mama, ulimi wangu wataka maziwa yako kabla sijafa. Nikaja ulipokwenda sokoni. Nikampa bakuli moja. Niliyachemsha kwanza, wallahi, kama yule binti wa Mombasa alivyonambia. Lakini labda hayakuchemka sawa. Macho yangu hayaoni vizuri, Sahla. Na yule binti alisema ningoje damu ipande, mimi sikungoja. Labda ni kibuyu. Labda ni mimi."

Nilimpigia kelele. Niandike nilivyosema, maana nimeamua kuandika kila kitu. Nilisema: "Umemuua! Nilikukataza na umemuua kwa mikono yako!" Wagonjwa waliokuwa wakipita na dripu zao walisimama. Daktari akanishika bega akasema hatuwezi kujua, maziwa yaliyochemshwa si rahisi yadhuru, hatuwezi kujua. Sikumsikia. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, anaitikia kila neno langu, "Ni kweli, ni kweli."

Jumanne, 3 Juni

Ameondoka kabla ya adhana ya adhuhuri. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Amezikwa alasiri, kaburi lilikuwa na maji.

Jumatatu, 9 Juni

Idd kubwa imepita juu ya nyumba hii bila kushuka. Niko eda, ndani, na nguo nyeupe. Mama amebaki nami, kwa kuwa hakuna mwingine. Miaka kumi na moja ya ndoa na sikumpa mjukuu, na sasa tumeachiana nyumba, mimi na yeye.

Leo jirani wamerudisha vyombo vilivyotumika matangani. Nilikuwa nikiviosha. Katikati ya sahani moja nyeupe niliona alama ya manjano, mstari mwembamba usiotoka hata kwa majivu. Zafarani.

Nikakaa chini pale pale kwenye maji.

Nimerudi kwenye ukurasa wa tarehe 27 Mei. Uji, ndizi, mbaazi, maji ya kuchemsha. Nimerudi kwenye 28, na 29. Hamna. Maalimu Muzammil alituandikia kombe siku ile. Aliandika aya kwa zafarani katika sahani tatu, akaniagiza: kila asubuhi kabla hajala, sahani moja ikoshwe kwa maji, anywe. Kila mtu wa mji huu amekunywa kombe tangu utotoni, kwa homa, kwa mtihani, kwa uchungu wa uzazi. Nami asubuhi tatu niliiosha ile aya, nikamwinua kichwa, nikamnywesha kikombe, nikamfuta midevu.

Kwa maji gani?

Chupa ya maji ya kuchemsha ilikuwa mezani. Lakini kombe huoshwa kwa maji ya mtungi wa ukumbini, na mtungi hujazwa kutoka kisima cha msikiti. Ndivyo mamangu alivyofanya, na mamake. Mkono wangu ulikwenda kwenye kata wenyewe. Maalimu hakusema maji ya kisima. Alisema maji. Mimi ndiye niliyechota, wiki mbili baada ya lile gari la kipaza sauti kupita chini ya dirisha langu.

Sikuandika, wala sikuficha. Bi Damaris alisema kila kinachoingia kinywani, nami nikaandika chakula na kinywaji. Kombe si chakula. Kombe si kinywaji. Ni aya. Haikunijia hata kidogo kwamba aya ilipita kooni ndani ya maji.

Jumanne, 10 Juni

Mvua. Sikumwambia mama.

Ijumaa, 13 Juni

Nimempigia simu Daktari Mwambire, nimemwambia yote. Akasema: "Inawezekana. Pia inawezekana vilikuwa vyake mwenyewe. Hakuna kipimo kitakachotuambia sasa." Akasema nisijitese. Nimeuliza, na maziwa? Akasema maziwa yaliyochemshwa angeyaweka mwisho kabisa.

Mwisho kabisa.

Jumatano, 18 Juni

Sikumwambia.

Jumatatu, 23 Juni

Mama hali chakula. Anakunywa chai ya rangi na anamega mkate kama anayelisha kuku. Ng'ombe wake amempa jirani huko Mambrui bila hata kwenda kumuaga. Jirani wa hapa alimletea chai ya maziwa, akatapika. Mchana nilimsikia akisema peke yake chumbani, "Niliyachemsha. Niliyachemsha mpaka yakafura."

Nilisimama nje ya mlango na maneno yakiwa mdomoni. Nilikuwa na kanga ya kukunja, nikaikunja, nikaikunjua. Naogopa nini? Si kufukuzwa. Nimeshajiuliza kwa siku kumi na nne na jibu ni baya: kukiwa na wa kulaumiwa asiye mimi, napata usingizi. Nilidhani yeye ndiye mkaidi wa nyumba hii. Bibi yule alikwenda kumwuliza mtaalamu, akachemsha, akasimama mbele ya watu akasema "mimi". Mimi niliyesoma mpaka kidato cha nne, mwenye daftari, sijasimama popote.

Jumamosi, 28 Juni

Mvua imepungua. Nguo zimekauka kwa mara ya kwanza. Sikumwambia.

Jumapili, 6 Julai

Mama ameanguka akienda msalani. Mwepesi, nilimwinua peke yangu. Mhudumu wa afya wa mtaa wetu amesema hana ugonjwa ila hali chakula, na akiendelea hivi hatafika Septemba. Nimeamua. Arobaini ikisomwa Jumamosi, watu wakitoka, nitamwambia. Nimejiandikia maneno yenyewe: Mama, maziwa yako hayakumdhuru. Ni maji niliyochota mimi.

Jumamosi, 12 Julai

Jua kali. Khitima imesomwa. Pilau imepikwa na majirani, wanawake wamejaa ukumbini, na nilikuwa nikingoja watoke.

Hawakuwahi kutoka. Maalimu alipokwisha dua ng'ambo ya pazia, mama aliomba ashikwe mkono. Akaletwa mpaka nilipoketi na nguo zangu nyeupe. Akajishusha chini, yeye mama mkwe, mbele ya wanawake arobaini wa mji huu, akaniwekea mikono miwili magotini.

"Sahla, mwanangu. Sina siku nyingi. Mungu n'tamjibu mwenyewe, lakini wewe ndiye mwenye haki yako hapa duniani. Ulinikataza nami sikusikia. Nilikutia ujane. Nisamehe."

Baadhi ya wanawake walikuwa wakilia. Nilifungua mdomo. Yale maneno niliyoyaandika yalikuwapo, nayajua kwa moyo. Nikaziona nyuso, zote zinaningojea mimi, mwenye haki. Nikaiona mikono yake juu ya magoti yangu.

Nikasema: "Nimekusamehe, mama."

Wanawake wakasema amina. Mama akashusha pumzi ndefu, akaubusu mkono wangu, mkono huu wa kulia. Akasema anasikia njaa. Wakamletea pilau, nikamtilia mimi mwenyewe, akala sahani nzima, akaongezewa, mara ya kwanza tangu tumzike mwanawe. Kila tonge akilimeza ananitazama.

Sasa amelala, na rangi imeanza kumrudia usoni. Nikimwambia leo, hatakuwa amesamehewa na mtu, atakuwa amejidhalilisha bure mbele ya mji. Kwa hiyo sitamwambia tena. Kesho nitampikia, na kesho kutwa, na kila siku atakula, na kila akila atanishukuru.